Herufi ya Baba Mkwe

Karani wa tiketi ninayekaa naye ofisi moja hamchangamkii mteja mpaka aone herufi. Viti vya daraja la mbele kwenye ndege ni vilevile, ila tiketi zake hazilingani: J ni ya aliyelipa bei kamili, anabadili tarehe atakavyo, Z ni ya aliyenunua kwa punguzo, habadili kitu. Wa J akija, bwana huyu husimama, hufunga kifungo cha koti, humvutia kiti. Wa Z huonyeshwa kiti kwa kidevu. Juzi akaingia baba mkwe wake, anataka kuahirisha safari. Karani aliinuka kama aliyekalia kaa la moto, shikamoo mbili kwa pamoja, koti likafungwa, huku mkono mmoja unachapa namba ya tiketi. Skrini ikaleta Z. Nikamwona anakaa polepole, kifungo anakifungua.

“Mzee, hii ni Z, haibadiliki. Ingekuwa J, ningekubadilishia sasa hivi.”

Mzee akakunja karatasi yake ya tiketi taratibu. “Haya, mwanangu. Lakini binti yangu nilikupa kwa J. Tarehe yake ya kurudi nyumbani naibadilisha nikitaka.”