Masizi ya Sista

Harufu ya kijiti cha mti wa senetwet kikiungua ikinipata, hata nikiwa ndani ya gari langu lenye viti vya ngozi, lazima nisimame. Na mimi si mtu wa kusimama ovyo. Shule niliachia darasa la tano, lakini leo malori yanayobeba majani chai huku Silibwet, mengi ni yangu. Uliza yeyote.

Mama yangu alikuwa akichoma kijiti cha aina hiyo, akasugua nacho kibuyu ndani mpaka kikawa cheusi tititi, ndipo akamimina maziwa ya mursik yagande. Hakuna mwanamke aliyemshinda. Siku moja tulimpelekea Sista mzee wa misheni, mzungu aliyezaliwa kijiji kidogo cha Poland. Alionja mara moja tu, akaanza kulia.

Mama aliona haya mpaka akasahau kuaga. "Ni hayo masizi," aliniambia njiani. "Tumemlisha mgeni uchafu!"

Jumamosi iliyofuata alikisugua kibuyu kwa maji moto mpaka kikapoteza harufu, akatia maziwa meupe pe, akajifunga kitambaa cha kanisani, tukarudi.

Sista alionja, akakunja uso. "Mama Kiprono, mimi ni mgonjwa, unanipa maziwa meupe? Masizi yangu iko wapi?"

"Lakini Sista, si ulilia?"

Ndipo akatueleza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Wakati wa vita askari walichoma kijiji chao chote. Yeye na mama yake walitoka mafichoni wakakuta nyumba ni jivu, ila chungu kimoja cha maziwa kilikuwa kimebaki, maziwa yenyewe yameganda. Waliyala na viazi, majivu humo humo. Mama yake hakuumaliza msimu ule wa baridi.

Mama yangu akasema, "Basi Sista, nitakuwekea masizi mara mbili."

Shuleni nilijigamba wiki nzima kwamba mursik yetu imeshinda maziwa ya Poland.

Mama tulimzika mwaka juzi. Nina ng'ombe wa gredi, nina wanawake wa kunigandishia maziwa, na hakuna anayeipata ladha ile. Kibuyu chake nimekiweka sebuleni, kando ya televisheni kubwa. Wageni wakienda nafungua kifuniko, natia pua, mwanaume mzima na tumbo langu.

Miaka hiyo yote nilijua Sista anapenda maziwa yetu. Kumbe alikuwa anakula na mama yake.