Tulidhani Anatusalimia

Nakumbuka mpaka leo, mwanangu, rangi ya shuka la mfugaji yule. Lilikuwa jekundu lililokolea udongo, kama yale wanayojifunga majirani zetu Wabarabaig hapa Hanang. Umekuwa ukiniuliza kwa nini sikupungii mkono unapoondoka asubuhi na basi lako, ukadhani labda nimekununia, au macho yamekwisha. Macho yamekwisha kweli, lakini sababu siyo hiyo. Kaa hapo. Kesho unaanza safari za Singida, na neno hili nimelibeba peke yangu muda mrefu mno.

Nilikuwa msichana, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa na duka la nguo na chumvi hapa Katesh, na dada yangu Mwanaidi alikuwa amechumbiwa na fundi cherehani wa Tabora. Mjomba Salimu ndiye aliyetusindikiza kumpeleka. Tulipanda lori mpaka Singida, maana siku zile huko kulikuwa na reli, tawi dogo lililokwenda kuungana na reli kubwa. Mimi na Mwanaidi hatukuwahi kupanda treni. Alivaa kanga mpya, na njia nzima hakufunga mdomo, mpaka nikamwambia kwa kelele zile mume atamrudisha kabla ya wiki kwisha. Ulikuwa utani tu, lakini ningependa kuwa nilimwambia neno jingine.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha upande wa mbele. Mjomba, ambaye alikuwa mtu wa wasiwasi, akamfuata mkuu wa stesheni.

"Samahani bwana, kwa mvua hii njia iko salama?"

"Njia iko wazi, mzee wangu. Nimepiga simu stesheni ya mbele, hakuna treni inayokuja. Vinginevyo nisingempa dereva hiki."

Akamwonyesha kipande cha chuma chenye pete kubwa. Dereva hukabidhiwa mkononi, na asipokuwa nacho haruhusiwi kuondoka, ili treni mbili zisije zikakutana uso kwa uso kwenye njia moja. Mjomba akaridhika, akarudi kutuambia kwamba watu wa reli wanajua kazi yao.

Na kweli walijua. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu, kwamba siwezi hata kumlaumu mtu. Utaratibu wao ulikuwa mzuri na kila mmoja aliufuata. Lakini ile simu ilijua habari za treni tu. Haikujua kwamba korongo lilikuwa limefurika, likala udongo chini ya daraja dogo, na reli zimebaki zikining'inia hewani. Aliyelijua hilo alikuwa mtu mmoja, na hakuwa na simu wala kofia ya reli.

Tulimwona baada ya kona. Alikuwa anakimbia kando ya njia kuja upande wetu, ng'ombe kawaacha nyuma, shuka amelivua na analipunga kwa mikono yote miwili. Wafugaji walikuwa na kawaida ya kuja kutazama treni ikipita na kuipungia. Mwanaidi akanivuta bega.

"Asha, tazama, mtu wa kwetu! Anatuaga."

Akatoa mkono dirishani, akampungia. Nami nikapunga. Behewa zima likapunga, watu wanacheka, na dereva akapiga filimbi ya kumjibu.

Treni ilipofika darajani reli zikakatika chini yake, na behewa letu likalalia upande wa dirisha lile. Mwanaidi alikuwa bado ameegemea pale, mkono wake uko nje. Sitakueleza zaidi ya hapo. Nimejaribu miaka yote kulieleza hata kwa nafsi yangu, na siwezi.

Mfugaji yule aliitwa Gidamis. Alirudi mbio, akavuta watu kutoka kwenye mabehewa mpaka mikono ikamchubuka, na shuka lake ndilo tulilomfunikia dada. Kisha akakaa chini karibu yangu, anahema.

"Mimi nilikuwa naita," akaniambia. "Nyie mnanisalimia. Hata yule wa nyuma, mwenye vitambaa viwili, alinionyesha cha kijani."

Alikuwa anamsema gadi, yule mfanyakazi wa behewa la mwisho anayebeba bendera nyekundu ya kusimamisha treni na ya kijani ya kuiruhusu. Naye alikuwa amemsalimia.

Askari walipofika walimchukua wakamhoji alikuwa anafanya nini kwenye njia ya reli. Mjomba alijaribu kumtetea, wakamwambia anyamaze. Kama walimwachia au hawakumwachia, sijui. Tulimzika Mwanaidi palepale kando ya njia. Daraja walilijenga upya, na miaka ilipopita wakaing'oa reli yenyewe wakaenda nayo. Nilipokwenda kulitafuta kaburi nilikuta mashamba ya mtama, na hapakuwa na chuma wala jiwe la kunielekeza. Nililia, nikarudi nyumbani. Ndivyo lilivyokwisha, mwanangu. Hakuna lililopona.

Sasa sikia ninachotaka kwako. Breki zako zikaguliwe, taa zako ziwake, sheria za barabara uzifuate zote. Lakini usidhani zinajua kila kitu. Zinajua walichoambiwa waliozitunga. Ukimwona mama pale Mogitu kasimama barabarani anapunga kitenge, usimpigie honi ya salamu ukapita. Simama. Shuka. Mpe shikamoo yake, umuulize ameona nini. Ikiwa alitaka kukuamkia tu, umepoteza dakika, na abiria wakinung'unika waache wanung'unike. Nakuambia haya nami sina hakika kama utasimama. Sisi tulikuwa watu wema, na hatukusimama.

Mungu akutangulie, akupe moyo wa kusikia unapoitwa, na awafikishe salama wote watakaokaa nyuma yako. Kesho alfajiri usinipungie mkono kutoka kwenye basi. Shuka, uje mpaka hapa mlangoni, uniage kwa mdomo.