Kulia, Baba

Kunegunda alikulia nyuma ya goli. Baba yake, Wendelini, alikuwa kipa wa Chandamali Rangers, timu ya daraja la pili iliyofuliwa jezi nyumbani kwao Majengo, Songea. Kila mechi mtoto alikaa pembeni ya nyavu zilizotoboka, akimwelekeza baba kana kwamba ndiye kocha.

Mechi ya mwisho ya ligi, wageni kutoka Iringa walipata penalti. Mpigaji alikuwa Mhehe mmoja, Saimon.

"Kulia, baba! Kulia!" Kunegunda alipiga kelele.

Wendelini akaruka kushoto. Timu ikashuka daraja, ikafa, uwanja ukageuka gulio. Kila watu walipomsakama mtaani alijitetea kwa mzaha uleule: "Mwanangu aliniambia kulia, nikadhani ananiambia nilie."

Saimon alikuja kuhamia Songea, wakashibana. Wangoni na Wahehe ni watani, kwa hiyo Wendelini alipofariki, kazi ya kuwachekesha wafiwa ikawa ya Saimon. Alikuja na mpira, akautenga mbele ya jeneza.

"Wewe kipa, amka! Leo uruke kulia, usijitie aibu tena!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Saimon akarudi nyuma, akakimbia, akafika kwenye mpira. Mguu ukagoma. Akasimama pale midomo ikimcheza, maana mtani hatakiwi kudondosha chozi msibani.

Kicheko kikakatika. Kunegunda akamwendea, akamshika bega.

"Kulia, baba," akamwambia taratibu. "Kulia."