Zamu ya Bwana Katibu

Siku uvumilivu wangu ulipoisha nilikuwa nimeketi kwenye zulia la mandir, yaani hekalu la Wahindi, upande wa Muthangari, ndoo ya deki kando yangu, nikisema "Om Namah Shivaya" mara sijui ya ngapi. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Nilijua ni Mama Shiko, mwenye deikea, nyumba ya kulelea watoto, kule mtaani Kabiria. Alikuwa ameshaniambia: nikichelewa tena kumchukua mtoto wangu Bravin, nafasi yake inapewa mtoto mwingine. Na bila deikea mimi sina kazi. Ni hivyo tu.

Kupitia dirishani nilimwona Bwana Katibu wa hekalu, ameketi nje. Zamu ilikuwa yake. Aliniambia, "Mama Bravin, shikilia hapa dakika mbili tu, napokea simu." Sasa simu ilikuwa mezani, na mkono ulikuwa kwenye sahani ya bhajia.

Nyinyi mnaotafuta kazi ya usafi kwenye nyumba za ibada, wacha niwaeleze, maana mimi hakuna aliyenieleza. Siku yangu ya kwanza Mwenyekiti alinionyesha stoo, mifagio na mahali pa kuvua viatu. "Hapa kazi ni mbili," akasema. "Sakafu ing'are, na kengele usiguse." Kazi ya tatu hakuitaja.

Hiyo nilifundishwa na Ba, mama mzee wa hapo hekaluni. Ba ni nyanya kwa Kigujarati, na kila mtu alimwita hivyo, hata Mwenyekiti mwenye mvi zake. Kila asubuhi alikaa na mala, shanga za mbao zilizotungwa kwenye uzi. Shanga moja, unasema maneno mara moja, unasogeza. Kidole ndicho kinachohesabu ili kichwa kisisumbuke. Mimi nilipiga deki nikimzunguka kama meza, hadi siku moja nikashindwa kunyamaza.

"Ba, ni maneno hayo hayo tangu asubuhi. Kwani Mungu hasikii?"

Mwingine angeniitia Mwenyekiti. Ba akaniuliza, "Mtoto yako ikilia, wewe naimba mara moja?"

"Aka! Narudia mpaka alale."

"Basi. Kichwa yangu ndiyo mtoto. Nalia sana, hii."

Akanifafanulia. Om ni kama kubisha hodi. Namah ni kuinama. Shivaya ni huyo unayemwinamia. Unarudia hadi kiburi kichoke kusimama. Mimi ni mtu wa kanisa na sikuhama, lakini nilielewa. Hata nilimjaribia Bravin maneno hayo wiki ya kuota meno. Haikusaidia. Huyo ni Mluhya, alitaka uji.

Kisha Ba akalazwa hospitalini Upper Hill apasuliwe moyo. Wanachama wakaanzisha akhand jap, maombi yasiyokatika: mmoja anasema, mwenzake anadakia kabla hajaachia, usiku na mchana, mpaka Ba arudi nyumbani. Kwenye mkutano kila mtu alijiandikisha kwa kishindo. Siku ya kwanza ukumbi ulijaa hadi viatu vikapotea. Baada ya hapo mmoja akawa na kontena bandarini, mwingine harusi, na kila mlango ukifunguka nasikia, "Mama Bravin, dakika mbili."

Siku hiyo ya bhajia ningeweza kunyamaza nikaenda zangu. Lakini Ba alikuwa bado hajaamka tangu apasuliwe, na sikutaka kuwa mimi niliyekata.

Kwa hivyo sikukata. Nikainuka na mala mkononi, nikatoka nje peku, nikiendelea kusema, sauti ikipanda kila hatua. Nikasimama mbele ya Bwana Katibu na kumtolea Om Namah Shivaya kwa ile sauti ninayomwitia Bravin akila mchanga. Dereva wake alirudi ndani ya gari.

"Mama Bravin, kuna nini?"

Ningemjibu ningekata. Nikaonyesha saa. Nikaonyesha upande wa Upper Hill. Nikamning'inizia mala kwenye kidole chenye mafuta. Alimeza bhajia nzima, macho yakamtoka, akaanza, "Om... Namah..." Nilipohakikisha ameshika, nikaachia na kukimbia.

Mama Shiko alikuwa langoni, Bravin amekaa juu ya mkoba wake kama abiria aliyeachwa.

"Ulikuwa wapi, wewe?"

"Nilikuwa naomba."

"Jumanne? Kanisa gani hiyo?"

"Ya Wahindi."

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. "Niletee barua ya mdosi wako wa kazi kabla ya Jumatatu, iseme haitatokea tena. Ama huyu utakaa naye."

Barua zote za hekalu hupokelewa na Katibu. Kesho yake nilimkuta kwenye zulia, yuko zamu, hawezi kukata, kwa hivyo hawezi kunijibu. Nikamsomea barua niliyoandika usiku, yote, polepole. Aliendelea kuomba huku akipiga muhuri.

Kwa Kamati, kupitia kwa Mwenyekiti.

MALALAMIKO RASMI DHIDI YA BWANA KATIBU

Mimi, mfanyakazi wa usafi, nalalamika kwamba Bwana Katibu haombi. Alichukua zamu akaniachia mimi, na saa zangu za kazi zilikuwa zimeisha. Mimi si wa dini yenu, lakini kuinama nakujua, na mtu hainami akiwa na sahani. Mwandikieni Mama Shiko wa Kabiria kwamba kosa halikuwa langu na halitarudiwa, barua imfikie kabla ya Jumatatu, la sivyo mtoto wangu anapoteza nafasi na nyinyi mnatafuta mtu mwingine wa deki. Asiyekuja zamu yake nitamfuata alipo, maneno yakiwa mdomoni, iwe dukani, iwe kwa kinyozi.

Nakala: Ba, Upper Hill, asomewe akiamka. Ba, haijakatika.