Siku Tuliyopanda Mlima wa Stanmore kwa Pikapu

Wanaosema pikapu si gari la mwanamke, hasa hapa London, mimi huwa nawaacha waseme mpaka wachoke. Niliinunua ya mtumba kwa jasho langu. Siku za wiki natunza wazee majumbani mwao, Jumamosi nahamisha makochi ya watu, na gari ni hilo hilo. Asubuhi ninayoisimulia nililiegesha mtaa wa Queensbury, mbele ya nyumba ya mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga kama mimi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikija kumwogesha na kumlisha mumewe. Siku hiyo mume, sasa marehemu, alikuwa anakwenda kuchomwa moto.

Na siku hiyo ndiyo hali ya hewa ikaamua kutufanyia vituko. Theluji tunaijua, inakuja na kujiondokea. Hii ilikuwa mvua ya kawaida kabisa, ila ikigusa chini tu inaganda. Barabara ikawa kioo, miti ikavikwa barafu mpaka kwenye vijiti vyake. Wenyeji wenyewe walisema huku kusini mwa Uingereza hawajawahi kuona kitu kama hicho.

Wana wawili wa yule mama, watu wazima wenye mvi, walimwambia abaki nyumbani, barafu itamvunja nyonga. Nikageukia dirishani. Nilikuwepo juzi yake, kabla hata tone halijaanguka, walipokubaliana kwamba kwa desturi ya ukoo wao mwanamke haendi penye moto. Familia nyingi za Kihindi hapa zimeshaacha hayo, lakini hawa walikuwa wameyang'ang'ania. Barafu iliwapa kisingizio tu. Wakapanda gari lao kubwa jeusi pamoja na kuhani wao, wakaondoka saa tatu na nusu. Shughuli yenyewe ilikuwa saa tano.

Mama alikuwa kitini na sari yake nyeupe, halii, macho dirishani. Gari lao lilipokata kona akanigeukia.

"Mwanangu, nataka kumwona akienda. Gari lako linaweza?"

Nilijua haliwezi. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na likiwa tupu mkia wake unateleza hata kwenye manyunyu. Nilijua pia kwamba ofisi iliyoniajiri ikisikia nimembeba bibi wa miaka sabini na kitu kwenye barafu, kazi sina. Nikamwambia linaweza. Kazi potelea mbali.

Nilichoomba ni uzito wa kuweka nyuma. Akanipeleka gereji, kulikopangwa magunia ya mchele na unga wa chapati, ya kulisha wageni wa msiba. Kilo ishirini kila moja. Nikabeba kumi na moja, moja moja, nikitembea kama bata. Kisha nikamfunga mama mkanda, nikamfunika koti langu, tukatoka.

Nilianza kwa gia ya pili, mguu mwepesi, breki siigusi. Basi moja lilikuwa limekaa mshazari katikati ya njia, dereva kashuka anavuta sigara. Mzee mmoja kituoni alitupungia mikono yote miwili turudi tulikotoka. Na mimi nikampungia, nikapita.

Kwenye mlima wa Stanmore tukawaona. Gari jeusi lilikuwa limeingia mtaroni ubavuubavu. Wale ndugu wawili walikuwa wanalisukuma na viatu vyao vya msibani, wanateleza na kuinuka, kuhani kakumbatia mti. Mkubwa alituona akanyoosha mkono tusimame. Nikisimama pale, sitaondoka tena, hilo nililijua. Lakini marehemu alikuwa baba yao. Nikamuuliza mama nifanyeje. Hakugeuza hata shingo.

"Usisimame," alisema.

Sikusimama. Nikisema niliona haya nitakuwa mwongo. Nilifurahi, tena sana.

Tulifika kwenye jengo la kuchomea maiti, ng'ambo ya mlima, saa tano kasoro dakika tano. Jeneza lilikuwa limeshaletwa tangu jana yake. Msimamizi wa pale, mama wa Kizungu mpole, alituambia chumba ni chetu mpaka saa tano na nusu, baada ya hapo kina wenyewe. Mama akasimama kando ya jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao, akazungumza na mumewe kwa Kigujarati. Sikuelewa neno, na hayakuwa yangu kuelewa.

Dakika ishirini zilipopita, simu ya mama ikalia, akaiweka sauti nje. Alikuwa yule mwana mkubwa, bado yuko mlimani. Akasema kwa Kiingereza waahirishe mpaka wiki ijayo, kwa sababu kitufe cha kupeleka jeneza kwenye tanuri hubonyezwa na mtoto wa kwanza wa kiume. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akanipa simu niishike bila kuikata, akamwomba msimamizi amwonyeshe kitufe kiko wapi.

Hapo ndipo mimi, niliyejifanya shujaa njia nzima, nikaingiwa na woga. Nikamuuliza kama ana hakika, maana wanawe hawatalisahau hili.

"Miaka hamsini na mbili, kila asubuhi nimemwashia jiko mimi," alisema. "Leo ndiyo nifundishwe kuwasha?"

Mkononi mwangu mwanawe alikuwa anaita, Mama, Mama. Mama yake akakiweka kidole kwenye kitufe, akabonyeza, na hakukiondoa mpaka mlango wa tanuri ulipofungwa.