Uongo Niliomwambia Mkulima wa Zabibu

Mwanangu, jana nilikusikia kwa masikio yangu ukimwambia mgeni wetu hotelini kwamba mvinyo mwekundu wa Ufaransa hutiwa rangi na ladha ya matunda ya cheri. Nilitamani kukuziba mdomo kwa kitambaa cha meza! Nimekwambia mara ngapi, usichokijua sema hukijui? Hebu keti. Ujinga huo niliufanya mimi kabla yako, hapa hapa Doha, nikiwa na miaka ishirini na minne.

Nakumbuka Ijumaa moja nimetoka ibada ya kanisani kule Mesaimeer, nikakimbilia zamu yangu ya mchana hotelini. Wakaingia mzee Mfaransa na binti yake aliyekuwa akifanya kazi mjini hapa. Binti akaagiza chupa moja ya mvinyo mwekundu. Mimi nilikuwa na miezi miwili kazini, nimejua kung'oa kizibo bila kukivunja, basi nikajiona bingwa. Huku nikiwamiminia, nikaanza mahubiri yangu: eti juisi ya zabibu nyekundu ni nyekundu kama damu, eti kiwandani huongezewa cheri ili inukie.

Mzee akaweka glasi mezani.

"Nani kakwambia hayo?"

"Ndivyo wanavyotengeneza kiwandani, bwana."

"Hakuna kiwanda," akasema polepole. "Chupa hii imetoka shambani kwangu."

Nikageuka, na nyuma yangu alikuwa amesimama Nakato, mama wa Kiganda aliyekuwa msimamizi wetu. Nikasema moyoni, khalas, yamekwisha, narudi Kenya.

Mzee hakupiga kelele. Aliomba zabibu nyekundu kutoka jikoni, akanipa moja. "Kamua." Nikakamua kwenye kisahani, na maji yaliyotoka hayakuwa na rangi. Rangi, akaniambia, imo kwenye ganda. Ndiyo maana wakishaziponda huyaacha maganda ndani ya juisi wiki mbili au tatu, juisi ikiumuka na sukari yake ikigeuka kileo, nao wakiyazamisha maganda kila siku. Kisha mvinyo hulala kwenye mapipa ya mwaloni mwaka na zaidi. Mbao hunywa kidogo, kwa hiyo lazima pipa lijaziwe. Ukizembea hewa huingia, na kazi yote ikawa siki.

Na kabla ya hayo kuna shamba. Hupogoa mizabibu wakati wa baridi, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kiangazi hukata vichala vingine vikiwa bado vibichi na kuviacha chini vioze, ili vilivyobaki vishibe jua.

"Mwaka wa chupa hii," akasema, "mke wangu alikuwa mgonjwa. Alivuna akiwa amekaa kwenye kigoda, nami nikimsogeza kutoka mzabibu hadi mzabibu. Alifariki mvinyo ukiwa bado kwenye mapipa."

Binti yake alikuwa akilia. Walikuwa wameagiza chupa ile wamkumbuke, nami nikaimwagia cheri za kiwandani.

Nikaomba msamaha. Akaniuliza kwetu wanalima nini. Nikamwambia kahawa, Kirinyaga. Mama huchuma zilizoiva tu, mbichi huziacha mtini zisubiri.

"Na mtu akisema kahawa ya mama yako imetengenezwa kwa unga na rangi?"

Swali hilo sasa nakuuliza wewe. Je, ungemjibu nini?

Nakato aliniondoa mezani mwezi mzima, nikawa nang'arisha glasi. Aliniambia neno moja tu: "Ungesema hujui, ningekuja kukusaidia." Lilinichoma kuliko adhabu, maana alikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa!

Basi nisikilize, maana nimechoka kurudia. Kila kitu unachobeba kwenye trei kuna mtu aliyekitolea jasho, na huenda ndiye aliyeketi mbele yako. Uliza kabla ya kusema. Ukikosa wa kumuuliza, nyamaza, mimina, ondoka. Na yule mgeni wa jana bado yuko hotelini. Kesho asubuhi umwendee umwambie ulikosea. Usitume mtu. Ukiogopa, nitasimama kando yako, lakini utasema mwenyewe.

Mungu auongoze ulimi wako, mwanangu, aibariki mikono yako, na mama yako huko nyumbani asikie habari zako akafurahi.