Springi Niliyoipaka Rangi

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, nilipolala chini ya lori na brashi mkononi, nikaipaka rangi nyeusi springi yenye ufa. Imenirudia akilini juma hili, baada ya kusikia kwamba magari yako sasa ni manne na Jumatatu unamleta mtu wa kukushauri. Umefanya vyema. Mimi nilimleta wa kwangu miaka ya sabini, nikiwa kijana mwenye haya, na nusura niharibu kazi yake yote.

Baba alifariki akaniachia malori mawili hapa Kasulu. Shule yangu ilikuwa ya msingi tu, na mwandiko wangu unaujua: hadi leo nikianza barua, mama yako anakwenda sokoni na kurudi. Malori yalibeba chumvi ya Uvinza, na msimu ukifika, maharage ya vijiji vya Mabamba kuyaleta ghalani Kasulu. Kazi hiyo ya maharage ndiyo iliyotuweka mjini. Mwaka ule springi zilikatika mfululizo, na mwenye ghala akaniambia waziwazi kwamba maharage yakikutwa na mvua kule Mabamba, atatafuta mtu mwingine. Ningelazimika kuuza lori moja, na Mzee Kagoma, dereva aliyeanza na baba, angerudi kulima.

Mwenye duka mmoja wa mjini akanitajia Bwana Shabani wa Tabora, aliyesimamia malori ya watu miaka mingi na sasa alikuwa akilipwa kuwashauri wenye magari. Mzee Kagoma alicheka sana. Alisema hajapata kusikia mtu analipwa kwa kutazama, na kwamba mbuzi wake wanayatazama malori yetu kutwa bila malipo.

Nilimwandikia hata hivyo. Ukurasa mmoja ulinichukua siku mbili. Akajibu kwamba anakuja, na kama nina daftari la safari, niliweke tayari.

Hapo ndipo nilipokosea. Unajua kwetu mgeni anavyopokelewa. Uwanja unafagiwa, mkeka uliochanika unafichwa, na hata mkiwa mmegombana mnacheka mbele yake. Basi nami nikampokea mshauri hivyo hivyo. Niliosha malori, nikaazima magurudumu mazuri kwa jirani, nikaipaka rangi springi ile. Daftari langu la kweli lilikuwa limelowa mafuta, maandishi yamepinda. Humo nilikuwa nimeandika kila springi iliyokatika, imekatikia wapi, upande gani. Nililionea aibu. Nikanunua jipya, nikanakili safari zilizokwenda vizuri tu.

Bwana Shabani alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya kufuma. Kwa siku tatu alisoma daftari safi, akazunguka malori, akauliza. Nilimjibu kwamba mambo ni mazuri. Mzee Kagoma alinyamaza kwa kunistahi. Mwishowe mshauri akasema magari haya yanaweza zaidi ya tunavyoyatumia. Tuyajaze, maharage yataisha kabla ya mvua.

Tukalijaza lori. Yeye tulikuwa tumemwacha Kibondo, njiani, atungoje, sisi tukatoka Mabamba na mzigo, Mzee Kagoma akiendesha. Kwenye mlima wa kwanza springi ikakatika, lori likalalia upande wa kushoto, magunia yakaporomoka hadi mtaroni. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu, ingawa mama mmoja tuliyempa lifti alinisema mpaka nikatamani kujificha chini ya gari.

Nilikiviringisha kile chuma cha springi katika gunia, nikapata gari la kunifikisha Kibondo, njiani nikipanga maneno ya kumlaumu. Bwana Shabani alikigeuza penye mwanga, akakwaruza rangi kwa ukucha.

"Chuma kilichokatika leo hung'aa ndani," alisema. "Hiki kinang'aa nusu, nusu ni kutu. Nani amepaka rangi?"

Nikasema ni mimi.

"Mdogo wangu, umenilipa nione, halafu ukanifunga macho. Mzee yule angekufa kwa ushauri wangu, na nisingejua nimekosea wapi."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamweleza habari za daftari la mafuta, lililokuwa chini ya kiti cha dereva. Akachukua kofia yake, tukarudi wote mlimani.

Alilisoma ameketi juu ya gunia kando ya barabara. Alisoma pole pole, kama nilivyoandika. Kisha akauliza kwa nini springi zote zimekatika upande wa kushoto. Mzee Kagoma akajibu kwamba kulia tunawaachia watu. Na kweli, tangu enzi za baba hatukumpita mtu anayetembea na mzigo, wala mgonjwa wa kwenda hospitali Kabanga. Magunia tulirundika kushoto, kulia wakakaa watu. Bwana Shabani alicheka hadi akavua kofia. Akasema watu tuendelee kuwabeba, ila wakae katikati, na magunia yagawanywe sawa pande zote. Springi zote zenye ufa zibadilishwe, na hadi hapo tupunguze mzigo.

"Kumbe anaona kuliko mbuzi wangu," Mzee Kagoma akaninong'oneza.

Mvua ya kwanza ilitukuta Kasulu tukishusha magunia ya mwisho. Kazi ya maharage ilibaki yetu, na Mzee Kagoma aliendesha mpaka macho yake yalipomkatalia. Siku ya kuagana Bwana Shabani alinirudishia daftari, akaniambia niendelee na mwandiko huo huo, kwani amesoma madaftari mengi mazuri yasiyomsaidia kitu.

Basi, mwanangu, mshauri wako asiyakute magari yameoshwa. Mwonyeshe linalovuja na lile usilopenda kulitaja. Waambie madereva wako waseme mbele yako bila woga, maana wangu alijua akanyamaza kwa ajili yangu. Kila kinachoharibika kiandike, hata kwa mwandiko mbaya. Daftari la mafuta nimelitoa sandukuni, pita ulichukue.

Mungu akulindie madereva wako milimani, akupe macho ya kuona na moyo usioogopa kuonwa. Na kila utakayempa nafasi garini mwako ashuke akikuombea heri.